Ukienda Gyeongju, lala huko: mwongozo wa siku tatu kwenye mji wa makaburi ya wafalme wa Korea

Jamani hii naiandika kwa sababu nimeulizwa sana, hasa na wanafunzi wapya wanaofika Korea na wale ndugu wanaokuja kikazi wiki mbili tatu halafu wanapata wikendi moja tu ya kupumua, wanauliza "nje ya Seoul na Busan niende wapi?" Jibu langu siku zote ni Gyeongju. Na hapo hapo naongeza la pili, usiende ukarudi siku hiyo hiyo.

Nimesoma Daegu miaka miwili, na kutoka Daegu hadi Gyeongju ni basi la saa moja hivi, kwa hiyo nimeenda mara nyingi. Mara ya kwanza nilienda na safari ya kikundi, tukashushwa hekaluni dakika arobaini, tukakimbizwa kula, tukapitishwa kwenye makaburi jua la saa saba linachoma utosini, saa kumi tuko ndani ya basi tunarudi. Nikawa nawaambia watu Gyeongju ni vilima vya majani tu, hamna kitu. Mwezi uliofuata nikarudi peke yangu, nikalala, nikayaona makaburi yale yale jioni jua linazama, na kwa kweli nilikaa chini nikanyamaza. Kwa hiyo mwongozo wangu unaenda na mwanga, yaani kila sehemu ina saa yake ya kuiona, na ukifika saa siyo hutaona walichokiona wenzako.

Kifupi cha historia ili ujue unaenda wapi: Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla, ambao kwa mapokeo yao ulianza mwaka 57 kabla ya Kristo ukaisha mwaka 935. Ni karibu miaka elfu moja mji mkuu uko sehemu moja tu. Wafalme wamezikwa katikati ya mji, na mji umeendelea kuishi pembeni yao, watu wanakunywa kahawa hapa na mfalme kalala pale ng'ambo ya barabara.

Hatua ya 1: chagua msimu

Mwisho wa mwezi wa tatu hadi mwanzo wa mwezi wa nne ni maua ya cheri, mji unakuwa mweupe wote, hasa pembeni ya ziwa la Bomun, ila watu ni wengi mno na vyumba vinapanda bei. Mwezi wa saba ni mvua na joto la jasho kama Dar mwezi wa pili, uzuri wake ni mayungiyungi yanayochanua pembeni ya bwawa la Wolji. Mimi nachagua mwezi wa kumi bila kusita, hewa kavu, anga ya bluu, na karibu na Cheomseongdae, mnara wa kale wa kuangalia nyota, kunakuwa na shamba la nyasi za rangi ya waridi zinazopepea kama moshi. Winta nayo si mbaya kama una koti la maana, watu hakuna, ila jua linazama mapema, saa kumi na moja jioni na kidogo tu giza.

Epuka sikukuu zao mbili kubwa, Seollal na Chuseok, maana Korea nzima inasafiri na tiketi zinaisha kabla hujafungua apu. Na kama unaweza, nenda katikati ya wiki.

Hatua ya 2: andaa simu na kadi kabla hujatoka

Hapa watu wengi wanakwama. Google Maps Korea haikuongozi vizuri kwa mguu, unaizoea nchi nyingine halafu ukifika huku inakuacha njia panda. Pakua Naver Map au KakaoMap, zote zina lugha ya Kiingereza, na zinakuonyesha basi linakuja baada ya dakika ngapi. Namba za mabasi nitakazotaja hapa chini zihakikishe humo humo siku ya safari, maana ruti huwa zinabadilishwa.

Halafu nunua kadi ya T-money kwenye maduka yale ya masaa 24, weka hela taslimu, unagusisha ukipanda basi na unagusisha tena ukishuka. Hiyo ya kushuka usisahau, ndiyo inayofanya ukiunganisha basi lingine usikatwe nauli upya. Na majina ya sehemu kubwa yahifadhi kwenye simu kwa herufi zao, 대릉원 ni Daereungwon, penye makaburi ya wafalme, 동궁과 월지 ni Donggung na Wolji, majumba ya kifalme na bwawa lake, 불국사 ni hekalu la Bulguksa, 석굴암 ni pango la Seokguram. Ukimwonyesha dereva wa basi hayo maandishi anakuelewa sekunde moja, ukimtamkia kwa matamshi yetu mnaweza kubishana hapo mlangoni foleni nyuma inasubiri.

Jambo lingine dogo, saa zao zinaandikwa kwa mtindo wa masaa 24, tiketi ikisema 14:00 ni saa nane mchana ya kwetu. Najua unajua, lakini ukiwa umechoka na ndege kichwa kinarudi kwenye saa ya nyumbani, kuna rafiki yangu aliachwa na treni hivyo hivyo.

Hatua ya 3: kufika

Kutoka Seoul njia ya haraka ni treni ya KTX, kama masaa mawili, nauli karibu won elfu hamsini kwenda tu. Kumbuka stesheni ya treni za kasi iko nje ya mji, zamani ilikuwa inaitwa Singyeongju, tangu mwisho wa mwaka 2023 inaitwa Gyeongju tu, kwa hiyo ukisoma miongozo ya zamani usichanganyikiwe. Ile stesheni kongwe ya katikati ya mji ilifungwa mwaka 2021. Ukishuka kwenye ya sasa bado una basi la kama nusu saa kuingia mjini.

Kama hela ni ya kubana, panda basi la masafa marefu kutoka Seoul. Linachukua kama masaa manne ila nauli ni nafuu sana, viti vipana, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kituo cha mabasi cha Gyeongju kiko mjini kabisa, unashuka unatembea dakika kumi na tano upo kwenye makaburi. Kutoka Busan ndio rahisi zaidi, nenda kituo cha Nopo mwisho wa treni ya chini ya ardhi, panda basi, saa moja hivi umefika.

Hatua ya 4: chumba kiwe karibu na Daereungwon

Kuna watu watakushauri ulale Bomun kwenye mahoteli makubwa ya ziwani, huko ndiko walikofikia wageni wengi wa mkutano wa nchi za Asia na Pasifiki, APEC, mwaka 2025, ni kuzuri kama una familia na gari. Ila kwa anayetembea kwa mguu, tafuta gesti mitaa ya Hwangnam-dong au jirani na kituo cha mabasi. Nyingi ni hanok, nyumba za zamani za mbao na vigae, unalala kwenye godoro jembamba chini, na sakafu inapashwa moto kwa chini. Siku ya baridi ukijilaza kwenye sakafu ile mgongo wote unashukuru. Viatu unavua mlangoni, hiyo haina mjadala.

Hatua ya 5: siku ya kwanza, makaburi mchana mpaka usiku wa Wolji

Acha begi kwenye gesti, hata kama chumba hakijawa tayari watakuwekea. Kula, halafu ingia Daereungwon kama saa tisa au saa kumi alasiri. Kuingia ni bure siku hizi, ila kaburi moja linalofunguliwa ndani, Cheonmachong, lina kiingilio cha won 3,000, lipa, inastahili kabisa.

Sasa hapo ndani ndipo utaelewa haya makaburi yalivyojengwa. Walikuwa wanatengeneza chumba cha mbao, wanamweka mfalme na mali zake, halafu juu ya kile chumba wanarundika mawe, mawe ya mtoni ya saizi ya kichwa, maelfu kwa maelfu, halafu juu ya mawe wanafunika udongo, halafu majani. Mbao ikioza, mawe yanaporomoka yanajaza chumba chote. Mwizi akichimba, kila jiwe analotoa jingine linashuka. Ndio maana haya makaburi yalipofunguliwa mwaka 1973 dhahabu ilikuwa bado iko pale pale, taji, mkanda, pete, jumla vitu zaidi ya elfu kumi na moja kwenye kaburi moja tu la Cheonmachong. Jina lenyewe maana yake ni kaburi la farasi wa mbinguni, limetokana na picha ya farasi mweupe anayepaa, iliyochorwa kwenye gome la mti wa bechi. Gome la mti, limekaa ardhini miaka elfu moja na mia tano, na mistari ya kwato bado inaonekana.

Lile kubwa kuliko yote, lenye migongo miwili kama ngamia, ni Hwangnamdaechong, mume na mke wamelazwa pamoja, kimo kama mita 23. Utaona foleni ya vijana wanasubiri kupiga picha kati ya vilima viwili penye mti wa magnolia, foleni inaweza kufika saa nzima. Mimi ushauri wangu achana nayo, zunguka kwa nyuma upande wa miti ya misonobari, jioni kivuli cha kilima kimoja kinalalia kilima cha pili, taratibu kinapanda, na kumetulia unasikia ndege tu.

Usipande juu ya kaburi. Najua majani yanavutia na ni mteremko wa kuteleza watoto wangefurahi, lakini yule ni marehemu wa watu, na ni kosa kisheria kabisa. Kama unataka kuona kitu cha ajabu zaidi vuka barabara upande wa kaskazini uende Bonghwangdae, hilo ni kaburi ambalo miti mikubwa imeota juu yake, mizizi imeshika kilima kama vidole vya mzee vinavyoshika goti. Hakuna kiingilio, wazee wa mtaani wanakaa pale kwenye mabenchi wakipunga upepo.

Kutoka Daereungwon tembea kusini dakika kumi hivi utaona Cheomseongdae, mnara wa mawe wa kuangalia nyota, kimo kama mita 9, umejengwa enzi za Malkia Seondeok aliyetawala mwaka 632 hadi 647. Kwa macho ya haraka ni kitu kidogo, watu wengi wanasema "ndiyo huu tu?" Subiri kidogo, uangalie. Mlango hauko chini, kuna dirisha katikati, walikuwa wanaegemeza ngazi wanaingia pale, na ndani sehemu ya chini imejazwa udongo na kokoto mpaka usawa wa dirisha. Ule udongo ndio uzito unaoushikilia. Mwezi wa tisa 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Korea kwa vyombo, lilipiga hapa hapa Gyeongju, nyumba zikamwaga vigae, mnara ukasogea kidogo sana ukabaki umesimama. Zaidi ya miaka 1,300 hauna saruji.

Giza likianza kuingia sasa elekea Donggung na Wolji, kama dakika kumi na tano kwa mguu. Hii ndiyo sehemu ambayo lazima iwe usiku. Fika kabla jua halijaisha, kiingilio won 3,000, kaa upande wa mashariki wa bwawa ukitazama majumba ya kifalme ng'ambo. Kuna dakika kama kumi na tano tu ambapo anga bado ina bluu nzito na taa zimeshawashwa, maji yametulia, majumba yanakuwa mawili, moja juu na moja chini, na ukiangalia picha uliyopiga hutajua ipi ni ipi mpaka bata apite. Panafungwa saa nne usiku.

Bwawa lilichimbwa mwaka 674 kwa amri ya Mfalme Munmu. Ufalme ulipoanguka likabaki gofu, wakaja bata na bukini tu, ndio wakaliita Anapji, bwawa la bukini na bata, na wenyeji wengi bado wanaliita hivyo. Mwaka 1975 walipolikausha wafukue, kwenye matope wakatoa vitu zaidi ya elfu thelathini, mtumbwi, masahani, na dadu moja ya mbao yenye pande 14 iliyokuwa ya kuchezea kwenye karamu. Kila upande umeandikwa amri, kunywa bilauri tatu kwa mkupuo, imba peke yako, cheza ngoma bila sauti. Ile dadu yenyewe iliungua ikiwa inakaushwa baada ya kufukuliwa, zilizopo sasa ni nakala. Kila nikikumbuka hilo huwa naumia, matope yaliitunza miaka elfu na zaidi.

Kama miguu bado ina nguvu pitia daraja la Woljeonggyo wakati wa kurudi, daraja la mbao lenye paa, limejengwa upya juu ya misingi ya zamani na kukamilika mwaka 2018. Usiku linawaka lote.

Hatua ya 6: siku ya pili, amka mapema uende mlimani

Saa moja asubuhi uwe kituoni. Mabasi namba 10 na 11 yanazunguka duara moja, kila moja upande wake, yote yanafika Bulguksa, lakini 11 linafika haraka zaidi na 10 linapitia Bomun kwanza. Ni safari ya kama dakika arobaini.

Mimi huwa naanza na Bulguksa kabla ya mabasi ya wanafunzi hayajafika, maana kuanzia saa nne hapo mbele hapakaliki. Tangu mwezi wa tano 2023 kuingia ni bure, zamani walikuwa wanatoza. Kuna simulizi nzuri kuhusu aliyelijenga, waziri mmoja anaitwa Kim Dae-seong, alianza kazi mwaka 751, wanasema hekalu hili alilijenga kwa ajili ya wazazi wake wa maisha haya, na pango la Seokguram kule juu kwa ajili ya wazazi wake wa maisha yaliyopita. Hata kama imani si yako, mtu kuchonga mlima kwa ajili ya mama yake unamwelewa tu.

Mbele kabisa utaona ngazi za mawe zilizobebwa na tao, ngazi 33, haziruhusiwi kupandwa, unazunguka pembeni. Simama chini yake uangalie ukuta, hapo nakusihi usiharakishe. Chini kuna mawe ya asili yasiyochongwa, mabaya mabaya, ya kila umbo, na juu yake zimewekwa nguzo za mawe yaliyonyooka. Badala ya kulisawazisha jiwe la chini, fundi amelichonga la juu lifuate mabonde na milima ya lile la chini, likakaa kama meno ya juu na ya chini. Nilipitisha jicho pale kwenye maungio, karatasi haipiti.

Ndani uwanjani kuna minara miwili, mmoja wenye madoido unaitwa Dabotap na mwingine mnyoofu unaitwa Seokgatap. Toa sarafu ya won 10 mfukoni uigeuze, Dabotap ndiyo hiyo iko pale. Kwenye Seokgatap mwaka 1966 walikuta karatasi ya maandiko ya Kibudha iliyochapwa kwa mbao, inahesabiwa miongoni mwa machapisho ya kale kabisa duniani. Majengo ya mbao unayoyaona mengi yamejengwa upya, ya mwanzo yaliteketezwa na jeshi la Japani mwaka 1593, mawe ndiyo ya asili.

Kutoka hapo kwenda Seokguram una njia mbili, basi dogo namba 12 linalopanda mlima na huja mara chache, au kupanda kwa mguu msituni, kama saa nzima. Njia imetengenezwa vizuri, ina kivuli, mimi naipenda kupanda kwa mguu na kushuka na basi. Beba maji.

Seokguram utaiona kupitia kioo, na picha hazipigwi, na watu wengine wanatoka wamenuna wanasema tumepanda mlima wote huu kwa dakika tano. Sababu ya kioo ni hii. Pango hili halikuchimbwa kwenye mwamba, lilijengwa, mawe ya granaiti zaidi ya 360 yamepangwa kuwa kuba bila udongo wa kuunganishia, likafukiwa, na lilikuwa linapumua lenyewe. Wakati wa ukoloni wa Kijapani, mwaka 1913 hadi 1915, lilibomolewa likajengwa tena na kufunikwa saruji, hewa ikakwama, unyevu ukaanza kula mawe. Tangu hapo inabidi litunzwe kwa mitambo na kioo. Kwa hiyo simama upande mmoja usizuie watu, acha kundi lipite, halafu sogea tena mbele. Budha amekaa, kimo kama mita tatu na nusu, na jiwe ni granaiti, lile lile gumu la kuvunja patasi, lakini bega lake na mkono unaoshuka gotini unaonekana laini kama una damu ndani. Ameelekea mashariki, baharini. Ukitoka nje, asubuhi yenye hewa safi, bahari unaiona kwa mbali.

Mchana rudi mjini ushukie makumbusho ya taifa ya Gyeongju, ni bure na kuna kiyoyozi. Nje kabisa imening'inizwa kengele ya Mfalme Seongdeok, ilimalizwa kusubuliwa mwaka 771, uzito karibu tani 19. Haigongwi tena, wanapiga sauti iliyorekodiwa kila baada ya muda mfupi, subiri uisikie. Inaanza boo nzito halafu inakuwa kama inavuta pumzi, inafifia, inarudi, inafifia, na wenyeji wanasema ni sauti ya mtoto anamwita mama yake, emille, maana hadithi inasema mtoto alitupwa kwenye shaba iliyoyeyuka ili kengele itoe sauti. Ni hadithi tu, ila ukiisikia pale jioni kifua kinatetemeka.

Ndani tafuta vyombo na shanga za kioo zilizotoka makaburini. Hapa naomba Mswahili mwenzangu usimame. Silla hawakuwa wanavitengeneza vyombo vile, wataalamu wanavihusisha na Mediterania na Uajemi, vimesafiri mpaka mwisho wa Asia. Kwenye kaburi la Hwangnamdaechong lilitoka birika moja la kioo, mkono wake ulivunjika zamani hizo hizo wakaufunga kwa uzi wa dhahabu, yaani dhahabu kwao ilikuwa nyuzi ya kufungia, kioo ndicho kilichokuwa mali. Mimi nimekulia Kilwa, kule kwenye magofu ya Kisiwani tunaokota vipande vya vyombo vya China na vya Uajemi, vya karne za baadaye lakini vya biashara ile ile ndefu. Kuona vitu vya Uajemi vimefika huku pia kulinifanya nijisikie mwenyeji kidogo.

Kuhusu kula

Karibu na Daereungwon kuna mtaa wa migahawa ya ssambap, unaletewa majani ya kila aina kwenye kapu, wali, supu ya soya, samaki, na visahani vidogo vidogo hata kumi na tano, unachukua jani unaweka wali na mchuzi unafunga unatia mdomoni lote kwa mara moja. Kwa Mwafrika wa mchicha na kisamvu huu ndio mlo wa kwanza Korea utakaokutuliza. Mama mmoja mwenye mgahawa aliniona nang'ata jani nusu, akaja akanawa mikono, akanifungia la kwake, akaninyooshea mdomoni kama mtoto, nikala. Migahawa mingi hii inahudumia kuanzia watu wawili, kama uko peke yako uliza kabla hujakaa.

Kwa Waislamu, nyama halali Gyeongju ni ngumu kupata, panga kula samaki, mayai na mboga, na jifunze sentensi moja, "dwaejigogi ppaejuseyo", maana yake toa nyama ya nguruwe. Jua pia kwamba kitu kinachoonekana mboga tupu kinaweza kuwa na nyama ya kusaga ndani.

Vitamu ni Hwangnam-ppang, kimkate kidogo kilichojaa maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, wanakitengeneza tangu mwaka 1939, kula kikiwa cha moto. Mtaa wa Hwangnidan-gil utaona foleni ya mkate wa sarafu ya won 10, jibini ndani inavutika, ni wa vijana na picha, onja mmoja inatosha.

Hatua ya 7: siku ya tatu, bahari au mlima

Hapa chagua kimoja, usilazimishe vyote. Kama unapenda kupanda, nenda Namsan kusini mwa mji, anzia Samneung penye msitu wa misonobari iliyopinda, asubuhi na ukungu ni pazuri mno, kila baada ya muda unakutana na Budha amechongwa kwenye mwamba, mwingine hana kichwa, amekaa tu. Kilele cha Geumobong ni mita 468, nusu siku inatosha, vaa viatu vya kushika.

Mimi nachagua bahari. Basi namba 150 linaenda pwani, kama saa moja. Shuka kwanza Gameunsa, hekalu halipo tena, imebaki minara miwili ya mawe imesimama kwenye shamba la wazi, ya mwaka 682. Halafu teremka ufukweni, mita mia mbili hivi majini utaona miamba, mawimbi yanapigapiga. Pale ndipo lilipo kaburi la Mfalme Munmu, yule yule wa bwawa. Alifariki mwaka 681, akaacha wosia achomwe na azikwe baharini ili awe joka la kulinda nchi dhidi ya maharamia wa Japani. Mwanae akamalizia lile hekalu, na chini ya sakafu ya ukumbi akaacha nafasi tupu ili baba akiwa joka apate pa kuingia kutoka baharini. Ile nafasi bado ipo, inama uchungulie, mawe yamepangwa na katikati kuna uwazi wa giza.

Ufukweni utakuta watu wanaomba, wamewasha mishumaa kwenye mchanga, wamepanga samaki mkavu na matunda. Usiwapige picha usoni, pita kwa nyuma yao.

Angalia muda wa basi la kurudi kabla hujakaa mchangani, yanapita kwa nadra na jioni yanakatika mapema. Mimi lilinipita, nikasimama kituoni karibu masaa mawili na upepo wa bahari, mpaka mzee mmoja wa samaki akanipa lifti hadi mjini, ndani ya gari harufu ya ngisi mkavu imejaa, tunazungumza kwa vidole. Nilipomwonyesha kwenye simu picha ya ngalawa za Kilwa alipunguza mwendo, akasimama pembeni ya barabara, akaivuta kwa vidole viwili kuangalia matengo yalivyofungwa.